Shajara ya mradi: kuokoa faili za duka la shangazi, kutoka .bak hadi .bkf

Shangazi yangu alifungua duka la kuchapa hapa Iringa mwaka 2004. Kwa miaka kumi na moja alichapa katiba za vikundi, hati za mauziano ya viwanja, mitihani ya majaribio na kadi za harusi. Kazi zote zilikaa kwenye kompyuta moja ya mezani, nayo ikazimika mwaka 2015. Duka sasa ninalo mimi, na haupiti mwezi bila mtu kuja kuulizia karatasi yake ya zamani. Mwezi uliopita alikuja Mama Katibu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Katiba yao ya awali imeliwa na mchwa, na wanaihitaji pamoja na daftari la hisa la miaka ya mwanzo. Shangazi akamwambia, "Ipo, mwanangu ataitoa." Basi ndiyo nimeanza.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye maduka kama hili. Kompyuta za namna hii zimelala kwenye stoo nyingi.

Jumamosi, 8 Machi 2025: Kuipata diski

Nilichonacho: diski moja ya GB 40 ya zile za waya mpana wa IDE, flashi tatu na CD kumi na moja kwenye kopo la biskuti.

Diski niliipeleka kwanza kwa fundi. Akaichukulia TSh 20,000, akasema imekufa, akashauri niifomati nione kama itaamka. Tafadhali, ukiambiwa hivyo kuhusu diski yenye kitu unachokitaka, kataa. Nilirudi nayo nyumbani, nikanunua adapta ya IDE kwenda USB kwa TSh 38,000, nikaichomeka. Diski inazunguka, lakini kompyuta haioni kitu.

Siku nzima iliishia hapo. Jioni nikaigeuza nikaangalia nyuma, kati ya tundu la waya mpana na tundu la umeme. Pale kuna pini ndogo zimepangwa, na juu ya mbili kati yake kuna kikofia cheusi cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mchele. Hiyo ndiyo jampa. Karatasi iliyobandikwa juu ya diski inaonyesha kikofia kikikaa wapi diski inakuwa mkuu (Master), na wapi inakuwa mtumwa (Slave). Yetu ilikuwa mtumwa, kwa sababu zamani ilishirikiana waya na diski nyingine. Adapta nyingi zinataka mkuu. Nikakihamisha kikofia kwa kibano cha nyusi, nikachomeka tena, zikajitokeza sehemu zake mbili, zilizokuwa C na D.

Jumatatu, 10 Machi: Picha ya diski kabla ya kugusa chochote

Sikufungua hata folda moja. Niliwasha laptopu kwa Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows) iliyo kwenye flashi, nikachukua picha ya diski nzima, yaani nakala yake kamili ndani ya faili moja, kwa programu ya ddrescue:

ddrescue -d /dev/sdb diski.img diski.map

Hakikisha mara mbili kwamba sdb ndiyo diski ya zamani na si ya laptopu yako. Programu hii hunakili kwanza sehemu zisizo na kasoro, kisha inarudia zile zinazokwama, na faili ya .map inakumbuka ilipofikia hata umeme ukikatika. Umeme ulikatika kweli, saa tisa alasiri. Niliporudisha ikaendelea palepale. Mwishoni zilibaki kilobaiti 96 zisizosomeka kwenye GB 40. Diski yenyewe nimeifunga kwenye soksi na kuiweka kabatini. Kuanzia hapa nafanya kazi kwenye nakala za picha hiyo tu.

C haina kitu cha maana. Mwaka 2011 Windows XP iliwekwa upya na folda ya kazi ikafutika. D ndiyo yenye mali: folda inayoitwa AKIBA yenye faili 612, zote zikiishia na .bak, na pembeni yake faili moja kubwa ya .bkf.

Jumamosi, 15 Machi: Kosa la .bak

Hapa nilipoteza wiki, kwa hiyo naeleza kwa kirefu.

Nilidhani .bak ni aina ya faili. Nikajiambia kwamba shangazi alikuwa anachapa kwa Word, basi hizi zote ni Word. Nikaandika amri moja, ren *.bak *.doc, na faili zote 612 zikabadilika jina. Nyingi zikafunguka vizuri. Nyingine zikatoa mistari ya herufi za ajabu, na mojawapo ilikuwa KIKUNDI, ile ninayoitafuta. Nikampigia Mama Katibu kumwambia faili yao imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Kiendelezi, zile herufi baada ya nukta, ni sehemu ya jina tu. Mfumo huu tumeurithi tangu enzi za CP/M na MS-DOS, mifumo ya kompyuta ya kabla ya Windows, jina lilipokuwa na herufi zisizozidi nane na kiendelezi herufi tatu. Windows hukitazama kiendelezi ili iamue programu ya kuita, haitazami ndani. Ukiandika "sukari" kwenye kopo la chumvi, kilichomo kinabaki chumvi. Na .bak haisemi hata kama ni sukari au chumvi. Inasema tu kwamba hii ni nakala ya kitu fulani. AutoCAD, programu ya kuchora ramani, huandika .bak kila unapohifadhi. SQL Server, programu ya hifadhidata, huita bakapu zake .bak. Mtu yeyote anaweza kuiandika kwa mkono.

Kilichomo kinajulikana kwa baiti za mwanzo, ambazo mimi naziita saini ya faili. Fungua kwa programu ya kuonyesha baiti kama HxD, au hata kwa Notepad, usome mwanzo. PDF huanza na %PDF. Zip huanza na PK, herufi za jina la Phil Katz aliyetengeneza PKZIP mwaka 1989. Ramani za AutoCAD 2000 huanza na AC1015, za 2004 na AC1018. Picha za JPEG huanza na baiti ambazo HxD huzionyesha kama FF D8 FF. Programu yoyote ya Windows, yaani .exe, huanza na MZ.

Nyaraka za Office za kabla ya 2007 huanza na D0 CF 11 E0. Zisome taratibu, 0 kama O na 11 kama IL, utaona wahandisi waliandika neno "docfile". Ila saini hiyo ni moja kwa Word, Excel, PowerPoint na hata Publisher, na hapo ndipo nilipokuwa nimekwama. Dawa yake ni programu ya 7-Zip. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, ifungue kama faili iliyofungwa (Open archive), utaona vipande vya ndani. Ukikuta kipande kinaitwa WordDocument ni Word, ukikuta Workbook ni Excel.

KIKUNDI ilikuwa na Workbook. Nikaipa .xls ikafunguka: wanachama 23, hisa za kila wiki, na saini za maneno "amelipa" kwenye safu ya mwisho. Nimempigia tena Mama Katibu, nikamwomba radhi.

Kwenye Ubuntu kazi hiyo inafanywa na amri ya file, ambayo husoma saini yenyewe bila kujali jina. Nikatoa nakala mpya kutoka kwenye picha ya diski, nikazipitisha zote 612. Matokeo: Word 371, Excel 148, AutoCAD 46, CorelDRAW (ya kuchora kadi) 29, PDF 11, na 7 zisizojulikana. AutoCAD zilinishangaza mpaka shangazi aliponikumbusha kwamba mchoraji wa ramani za nyumba alikodi meza dukani kwa miaka miwili.

Kosa la pili la wiki hiyohiyo: hati moja ya mauziano niliifungua, nikarekebisha nafasi, nikahifadhi. Tarehe ya faili ikawa ya leo, wakati mwenyewe alikuwa anataka kuona ilichapwa lini. Picha ya diski iliniokoa. Nikaichukua upya yenye tarehe yake ya 2008. Sasa folda nzima nimeifanya ya kusoma tu.

Jumatano, 19 Machi: Kwa nini katiba haipo kwenye AKIBA

Daftari la hisa nimelipata, katiba bado. Shangazi ana hakika zote mbili aliziita KIKUNDI, moja kwenye Word, nyingine kwenye Excel. Nikaipekua C kwa ajili ya faili zilizofutwa, nikakuta mabaki ya faili ndogo ya amri ambayo fundi mmoja wa zamani alimwekea ili aibofye kila jioni kabla ya kufunga duka. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja wa kazi:

copy *.* D:\AKIBA\*.bak

Nilipousoma nilikaa kimya kidogo. KIKUNDI.DOC inanakiliwa kuwa KIKUNDI.BAK. Sekunde ileile KIKUNDI.XLS nayo inanakiliwa kuwa KIKUNDI.BAK, juu ya ile ya kwanza. Amri ya copy ikiwa ndani ya faili ya amri haiulizi kama ifute kilichopo. Kwa alfabeti xls inafuata doc, basi kila jioni, kwa miaka, katiba iliandikwa na kufutwa papo hapo. Shangazi alifanya kila alichoambiwa, bila kukosa siku. Kosa lilikuwa kwenye nyota na nukta.

Kama unatengeneza bakapu kwa amri, usiondoe kiendelezi cha asili. Ongeza .bak baada yake: KIKUNDI.doc.bak na KIKUNDI.xls.bak haziwezi kugongana.

Jumapili, 23 Machi: Flashi tatu

Flashi ya kwanza ilikuwa na ule ugonjwa tunaoujua wote: folda zote zimegeuka njia za mkato za KB 1 zenye mshale, na flashi inasema imejaa. Faili zipo, zimefichwa tu. Usibofye njia ya mkato hata moja. Kwenye dirisha la amri:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zikarudi zote. Nikafuta zile njia za mkato zenye .lnk, na autorun.inf.

Ya pili ilikuwa na folda moja tu, "Kadi za harusi", yenye picha ya folda ya njano. Nilikuwa nimeshawasha kuonyesha viendelezi, na jina kamili likasomeka Kadi za harusi.exe. Ni programu iliyovaa sura ya folda. Windows huficha viendelezi inavyovijua, na kirusi kinajificha ndani ya ufichaji huohuo. Mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, waliofichiwa mwisho waliona .TXT wakadhani ni barua. Fungua dirisha la faili, menyu ya View, weka alama kwenye viendelezi vya majina. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta ya duka leo, kabla hujaendelea kusoma.

Ya tatu haikuwa na kitu.

Jumapili, 30 Machi: Faili ya .bkf

Hii ndiyo tumaini la katiba. Nilipoisoma mwanzo wake, herufi nne za kwanza ni TAPE. Ni bakapu ya NTBackup, programu iliyokuja na Windows XP, na muundo wake ulibuniwa kwa ajili ya mikanda ya sumaku. Tangu Windows Vista programu hiyo iliondolewa, kwa hiyo ukibofya .bkf kwenye Windows 10 inabaki kukuuliza utumie nini.

Nikaazima mashine ya XP kwa jirani. NTBackup ikaanza kuisoma, ikagoma kabla ya kumaliza orodha. Nikaangalia ukubwa wa faili: baiti 4,294,967,295. Nambari hiyo ikariri. Ni GB 4 kasoro baiti moja, kikomo cha faili moja kwenye diski ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, na D ilikuwa FAT32. Bakapu haikuisha, iligonga dari ikakatwa. Sehemu ya mwisho, ambako mambo ya orodha yanakaa, haikuandikwa kabisa.

Jumamosi yote ilipotea hapo. Jumapili nikasoma kuhusu mtftar, programu ndogo ya msimbo wazi inayosoma muundo huo wa mkanda tangu mwanzo, kipande baada ya kipande, na kuugeuza kuwa tar, kifurushi cha faili kinachofunguka kirahisi kwenye Ubuntu. Haihitaji orodha. Inabidi uijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo, nayo ni amri moja ya make. Bando TSh 15,000 likaishia humo na kwenye kusoma. Kisha:

mtftar < akiba.bkf | tar xvf -

Majina yakaanza kushuka kwenye skrini. BARUA, HARUSI, HATI, KATIBA... Ndani ya KATIBA ikapita KIKUNDI.DOC. Programu ilianguka na malalamiko ilipofika mwisho uliokatwa, kwenye folda ya MITIHANI, na kilichokuwa baada ya hapo hakimo. Lakini K inatangulia M.

Shangazi alikuja jioni kuiona. Akavaa miwani, akasoma ibara ya nne kwa sauti, akasimama kwenye neno "mwanchama". "Hilo kosa nalikumbuka," akasema. "Walilisaini hivyohivyo." Sikulirekebisha.

Jumamosi, 5 Aprili: Word na Corel

Kazi za kawaida, nazipitisha haraka. Faili za "Backup of" zenye .wbk ni nakala za Word. Zinafunguka moja kwa moja, ila ni hatua moja nyuma, yaani hali ya waraka kabla ya mara ya mwisho kuhifadhi. Za Excel huitwa .xlk. Zenye ~$ mwanzoni hazina waraka ndani, ni alama tu kwamba mtu ameifungua, futa.

Za CorelDRAW huitwa Backup_of_ likifuatiwa na jina. Matoleo ya zamani huanza na RIFF, kisha ukubwa, kisha CDR. Usiishie kwenye RIFF, kwa sababu sauti za WAV nazo huanza hivyo. Kuanzia toleo la X4, .cdr kwa ndani ni zip, na 7-Zip inaifungua. Sina tena Corel, lakini Inkscape na LibreOffice Draw zimefungua kadi nyingi. Fonti ndizo zimeharibika: majina ya maharusi yaliyokuwa na mikunjo yametokea kwa herufi za mraba. Hilo sijalitatua.

Jumamosi, 12 Aprili: CD na RAR iliyokosa kipande

CD kumi na moja, nane zimesomeka. Tano kati yake zilikuwa na picha za sherehe zilizofungwa pamoja kama RAR (faili nyingi ndani ya kifurushi kimoja) ya vipande, kutoka .part1.rar hadi .part6.rar, kimoja kila CD. CD ya kipande cha nne imechubuka mpaka inapitisha mwanga.

Nilipofungua kutoka cha kwanza, ikasimama kwenye cha nne. Nikajaribu kuanza na cha tano. Picha ambayo ilianzia kipande cha nne ikaikataa, zilizofuata zikatoka. Hiyo inawezekana kwa sababu RAR hii haikufungwa kwa mtindo wa kuunganisha faili zote kuwa mkondo mmoja. Ingekuwa hivyo, kila kitu baada ya pengo kingekwisha. Tumepata picha 402. Zilizokuwa kwenye kipande cha nne zimekwenda, na mwenye harusi hiyo nimemwambia hivyo bila kuzunguka.

Jumamosi, 26 Aprili: Mpangilio mpya, na flashi ya uongo

Sikukuu ya Muungano, duka limefungwa, nimepata siku nzima.

Yote yaliyookolewa ni GB 18. Faili za asili nimeziacha na muundo wake na tarehe zake. Kando ya kila moja nimeweka nakala ya PDF/A, ambayo fonti zake zinakaa ndani. Nimefunga kwa .zip, moja kwa kila mwaka. Sikutumia .rar wala .7z kwa sababu Windows, hata ya zamani kama XP, hufungua zip bila kuongeza programu, na atakayefungua huenda asiwe mimi. Sikufunga zip moja kubwa kwa sababu orodha ya zip inakaa mwishoni mwa faili. Ikikatwa kama ile .bkf, unahangaika na yote.

Nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja nje ya duka. Ni kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh. Eksteno ya TB 1 (TSh 160,000) iko dukani, nakala ya pili iko kwenye laptopu, na ya tatu niliipanga iwe flashi nyumbani kwa shangazi.

Flashi hiyo niliinunua barabarani, imeandikwa GB 512, TSh 30,000. Nakala ikaenda vizuri, majina yote yanaonekana, ukubwa wote sawa. Kabla ya kumpelekea nikahakiki kwa sha256sum, amri inayoonyesha kama yaliyomo kwenye nakala yanalingana na ya asili. Zip za 2004 hadi 2008 zikalingana. Kuanzia 2009, hakuna hata moja. Nikafungua ya 2010 kwa HxD: 00 00 00 00, ukurasa baada ya ukurasa. Pale palipopaswa kuwa PK, sifuri. Nikaipima kwa f3, programu ya kupima nafasi halisi ya flashi, ikatoa jibu kwamba nafasi halisi ni GB 7 na kidogo. Flashi ilikuwa inakubali kila kitu na kukitupa kinachozidi.

Aliyeniuzia hayupo tena pale. Nimenunua mbili za GB 64 kwenye duka lenye risiti, TSh 25,000 kila moja, nikazipima kwa f3 kabla ya kuweka hata faili moja. Zimelingana zote.

Gharama mpaka leo: fundi 20,000, adapta 38,000, bando 15,000, eksteno 160,000, flashi ya uongo 30,000, flashi mbili za kweli 50,000. Jumla TSh 313,000.

Mama Katibu amechukua katiba na daftari, zimechapwa na ziko kwenye flashi yake pia. Bado nina zile faili saba zisizojulikana. Tano kati yake huanza na sifuri tupu, nadhani zilianguka kwenye eneo bovu la diski. Mbili zina maandishi yanayosomeka katikati, majina ya watu na viasi vya fedha, lakini saini yake sijawahi kuiona. Shangazi anasema kulikuwa na programu ya kutoa risiti kabla ya Excel, kwenye skrini nyeusi. Wiki ijayo tunaitafuta CD yake kwenye lile kopo.